Mwalimu Aliyesaidiwa Kupita Kiasi

"Jumatano ni yetu! Imeandikwa kwenye mkataba, ukurasa wa nne!"

"Jumatano yenu ilikuwa ya wiki iliyopita, dada. Wiki hii mwalimu ni wetu. Mwachie shingo."

"Nimwachie? Mwachie wewe uliyemvuta mkono!"

Mwenye huo mkono na hiyo shingo alikuwa Mwalimu Lukindo, mwalimu pekee wa sayansi katika shule yetu ya sekondari. Alisimama katikati ya ofisi ya walimu, mikono juu, kama mtu anayepekuliwa na askari. Kichwa chake kilikuwa ndani ya fulana ya bluu ya Shirika la Sayansi kwa Wote Kabisa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya fulana ya njano ya Mtandao wa Kumwinua Mwalimu Juu Zaidi. Bi Rozalia wa bluu alikuwa akivuta kwenda chini. Bwana Gwandu wa njano alikuwa akivuta kwenda pembeni.

"Jamani, sioni," mwalimu alisema kutoka ndani ya kitambaa.

"Huna haja ya kuona sasa hivi, mwalimu," Bi Rozalia akambembeleza. "Mpiga picha anaona."

Mimi nilikuwa kwenye benchi karibu na mlango. Nilikuja na swali moja tu: binti yangu Nyamizi, wa kidato cha nne, ataishika lini bureti? Mtihani wa vitendo wa kemia ulikuwa umebakiza siku nane. Bureti, kwa wasiofanya kazi nayo, ni mrija mrefu wa kioo wenye koki chini. Unadondosha dawa tone kwa tone hadi ujue asidi ina ukali kiasi gani. Si kitu cha kutisha. Lakini ukikiona kwa mara ya kwanza ndani ya chumba cha mtihani, kinatisha.

Ugomvi ulikatwa na Mratibu wa Ubia wa wilaya, Bwana Ngoda, aliyeingia akiwa na suti na faili. Alisikiliza pande zote mbili. Upande wa tatu ulikuwa bado ndani ya fulana, hakuuuliza. Kisha akatoa hukumu: fulana zote mbili zipasuliwe ubavuni, ya bluu ikae mbele, ya njano ikae mgongoni, zishonwe pamoja. Mwalimu mkuu, Bi Sikudhani, alitoa sindano. Wakamshona akiwa ndani. Tukapiga makofi.

Nikauliza swali langu. Mratibu alinijibu kwa upole kwamba ni swali zuri sana, na kwamba maswali mazuri yana fomu yake.

*

Inawezekana msomaji anatoka nchi nyingine, kwa hiyo nieleze kidogo.

Sisi ni raia wa Jamhuri ya Shukrani. Zamani, kabla ya Ubia, mwalimu wa sayansi alikuwa peke yake. Alikuwa na chaki, ubao na shida. Asubuhi aliingia darasani akafundisha, mchana akafundisha tena, jioni akaenda nyumbani. Serikali ikaona huu ni upweke usiovumilika. Ikaunda Wizara ya Ubia na Mambo Yanayofanana Nayo, ikapitisha sheria kwamba kila mwalimu wa sayansi katika shule za umma asaidiwe na jamii kupitia wabia wasiopungua saba.

Mwalimu Lukindo ana kumi na mmoja. Ni kwa sababu shule yetu iko karibu na lami. Wabia wana huruma sana, lakini shida iliyo mbali na lami inaharibu magari.

Ratiba yake ya wiki ni hii. Jumatatu ana warsha ya kujengewa uwezo. Amejengewa uwezo mara kumi na tisa. Angekuwa nyumba, sasa tungekuwa tunapandisha ghorofa ya nne. Jumanne anajaza fomu za kutathmini warsha ya Jumatatu. Jumatano ni picha. Alhamisi ni ziara ya kubadilishana uzoefu: anakwenda shule ya jirani kumwona mwalimu wa huko, wakati mwalimu wa huko naye yuko njiani kuja kumwona yeye. Hukutana njia panda, wakabadilishana hapo hapo wakiwa wamesimama, kila mmoja akarudi kwao. Ijumaa ni siku ya kushukuru.

Muhula huu alifundisha siku moja. Mvua ilibomoa kalvati, magari ya wabia yakashindwa kuvuka. Siku hiyo alifundisha vipindi sita mfululizo, na mpaka leo watoto wanaikumbuka kama sikukuu. Mratibu aliandika kwenye ripoti yake: "Siku moja mwalimu aliachwa bila msaada wowote. Tunasikitika."

Lazima nitaje pia kosa la Kutoshukuru, maana liko kwenye sheria. Anayekataa msaada hupewa onyo mara ya kwanza. Mara ya pili anafutwa ualimu. Mwalimu Lukindo ana onyo moja. Umoja wa Wauza Magodoro ulimletea godoro la kupumzikia baada ya warsha, na kwenye picha hakutabasamu.

*

Msije mkadhani vifaa hatuna. Tunavyo. Wabia wameleta masanduku ya vioo mpaka maabara imejaa, na wanafunzi wamehamia nje. Kuna bureti, pipeti, chupa za kila umbo, vyote vimelazwa kwenye majani makavu kama mayai.

Tatizo ni kwamba Wizara ilihitaji kipimo cha mafanikio. Wakakaa hotelini siku tano wakakipata: mafanikio ya Ubia yatapimwa kwa idadi ya vioo visivyovunjika. Bi Sikudhani si mjinga. Siku ile ile alipoupata waraka alifunga maabara kwa kufuli mbili. Shule yetu imekuwa ya kwanza kitaifa miaka mitatu mfululizo, vioo mia nne na kumi na viwili, hakuna hata ufa. Shule iliyotufuata ilivunja kimoja. Inasemekana mwalimu alitaka kukitumia. Amehamishwa.

Lakini sayansi haikusimama. Bi Rozalia alileta mbinu shirikishi. Siku moja Nyamizi alirudi nyumbani amebeba cheti chenye mhuri wa dhahabu.

"Mama, nimekuwa wa kwanza wilaya nzima!"

"Hongera mwanangu! Kwa somo gani?"

"Kemia ya vitendo. Mimi ndiye bureti."

Nikaweka mwiko chini. "Wewe ndiye nani?"

"Bureti, mama. Nasimama juu ya dawati, nanyoosha mikono, nadondosha punje za mahindi, moja moja. Chiku anakaa chini yangu, yeye ni chupa. Punje zikitosha anaruka juu anasema, 'Pinki!'"

"Chiku anajuaje kwamba zimetosha?"

"Bi Rozalia anamkonyeza."

Cheti kiliandikwa: BURETI BORA YA WILAYA. Nilikitazama, kisha nikamtazama mwanangu. Nyamizi anataka uuguzi tangu akiwa darasa la tatu, na chuo cha uuguzi hakimpokei mtu asiyefaulu kemia. Ndani ya chumba cha mtihani hakuna wa kumkonyeza mtu. Au yupo, lakini huyo anakamatwa.

*

Sasa nieleze kilichonipa kiherehere. Mimi nina stashahada ya usindikaji wa maziwa, na nafanya kazi kituo cha kukusanyia maziwa, hatua mia tano kutoka shuleni, ng'ambo ya lile kalvati. Kila asubuhi wafugaji wanaleta madumu yao, na kila dumu napima uchachu. Unachukua maziwa kidogo, unatia matone mawili ya dawa ya kuonyesha rangi, unafungua koki ya bureti, unadondosha tone, unatikisa, tone, unatikisa, mpaka maziwa yabadilike yawe pinki hafifu, hafifu kabisa, yasirudi tena kuwa meupe. Hapo unasoma namba. Dumu moja lililochacha likipita, linaharibu tangi zima. Kwa hiyo sikonyezwi na mtu.

Saa nne asubuhi kazi ya mapokezi huwa imekwisha, na bureti zangu tatu zinakaa bure. Alhamisi nikajaza fomu ya maswali mazuri, nikaenda ofisini kwa Mratibu.

"Naomba kidato cha nne waje kituoni siku tatu pamoja na mwalimu wao," nikasema. "Kuanzia saa nne. Washike bureti. Basi."

Mratibu aliandika. "Wewe ni mdau?"

"Mimi ni mama."

"Mama si kundi la wadau, mama. Kuna wahisani, kuna wabia, kuna wanufaika. Wewe ni mnufaika."

"Basi mnufaika anataka kusaidia."

Akaweka kalamu mezani. "Hapo sasa ndipo mfumo unapokwama." Lakini alikuwa mtu mwema, akanitafutia njia. "Tuseme nikusajili kama mbia mchanga. Kaulimbiu yenu ni ipi?"

"Ukutani tumeandika FUNIKA NDOO."

"Haina maono. Nembo?"

"Hatuna."

"Gari lenye nembo?"

"Tuna pikipiki ya kubebea madumu."

Alipumua. "Mama, hata tukifumba macho kwa hayo yote, ubia lazima uzinduliwe. Mgeni rasmi wa ngazi hii ana nafasi tarehe kumi na saba mwezi ujao."

"Mtihani ni Alhamisi ijayo, Bwana Ngoda."

"Ndiyo maana kila siku nawaambia watu, ubia ni safari ndefu." Kisha akakumbuka jambo. "Hizo bureti zenu, zimewahi kuvunjika?"

"Kila mwaka inavunjika moja au mbili. Tunazitumia."

Alinyanyuka, akafunga mlango wa ofisi, akarudi kukaa. "Mama Nyamizi," alisema kwa sauti ya chini, "mimi hilo sijalisikia. Na wewe usimwambie mtu."

*

Ijumaa ilikuwa siku ya kushukuru, na safari hii ilikuwa kubwa. Wazazi tuliitwa. Wabia walikaa chini ya turubai, wanafunzi walisimama juani ili wasisinzie. Mwalimu Lukindo alikaa jukwaani ndani ya fulana yake ya rangi mbili. Bluu tuliiona, njano iliegemea kiti.

Mratibu alishika kipaza sauti.

"Ndugu wabia, wabia wenza, wabia watarajiwa, na ninyi wanafunzi mlioko juani! Wazee wetu waliishi gizani. Walikuwa na mwalimu mmoja kwa wanafunzi wengi. Leo tunasimama kifua mbele tukisema: tuna wabia wengi kwa mwalimu mmoja!"

Makofi.

"Mataifa yanatuuliza, je, mwalimu wenu anafundisha? Nami nawajibu, hilo ni swali la kizamani! Kufundisha hata mtu asiyesaidiwa anaweza!"

Makofi mengi zaidi. Kisha akatangaza habari yenyewe. Mwalimu Lukindo ameteuliwa kuwa Mwalimu Aliyesaidiwa Zaidi Nchini. Atapelekwa makao makuu kwenye Maonyesho ya Ubia, atasimama ndani ya banda siku kumi ili wananchi wamwone. Gari liko tayari. Anaondoka sasa hivi, mara tu baada ya soda.

Nikahesabu kwa vidole. Siku kumi. Mtihani ulikuwa umebakiza sita. Nikasimama.

"Mratibu, samahani. Mtihani wa vitendo ni Alhamisi. Nani atawaandaa hawa watoto?"

"Swali zuri sana, mama! Nalo tumeliwazia." Akapunga mkono. Bi Rozalia akaleta mwalimu mwingine, wa karatasi ngumu, mrefu kama yule wa kweli na mnene kidogo kumzidi. "Kwa siku zote hizo kumi, wanafunzi watasaidiwa na picha ya mwalimu wao, ya ukubwa halisi! Na tazameni anavyotabasamu!"

Bwana Gwandu wa njano alisimama taratibu. "Mratibu. Hiyo picha imepigwa kwa mbele."

"Ndiyo, Bwana Gwandu. Mwalimu ana uso mbele."

"Mbele ni bluu. Njano yetu iko wapi?"

"Ipo, kaka, iko nyuma," alisema Bi Rozalia. "Zunguka utaiona."

Bwana Gwandu akazunguka. Nyuma kulikuwa na karatasi tupu. Basi wakaanza upya, mkataba, ukurasa wa nne, safari hii wakimvuta yule wa karatasi, na Mratibu katikati akiomba utulivu kwa kipaza sauti kilichokuwa kinapiga miluzi.

Nikaona sina sababu ya kusubiri soda.

"Kidato cha nne," nikasema. "Nifuateni."

Bi Sikudhani alinisogelea. "Unawapeleka wapi hawa?"

"Kuona maziwa, mwalimu mkuu."

"Maziwa hayamo kwenye ubia wowote."

"Ndiyo maana nawapeleka."

Alitazama jukwaani. Alinitazama mimi. Yeye naye, kabla ya kupewa ukuu na funguo mbili, alikuwa akifundisha hesabu. "Kuna jua kali sana leo," alisema kwa sauti ya kusikika, akatoa miwani yake na kuanza kuifuta kwa upindo wa kitenge, polepole, lenzi moja kisha nyingine. "Bila miwani mimi huwa sioni kitu."

Watoto thelathini na wanne wakatoka kwa mstari. Mwalimu Lukindo sikumwita. Mtu mwenye onyo moja humwiti. Unapita tu mbele yake na wanafunzi wake, taratibu, mmoja mmoja, ili apate nafasi ya kuwahesabu.

Tulipofika kwenye kalvati nikasikia viatu vinakimbia nyuma yetu. Alikuwa anahema, na ubavu wa fulana ulikuwa umefumuka.

"Hao ni thelathini na wanne?" aliuliza.

"Wote."

"Wanyooshe mstari, barabara hii ina malori."

*

Kituoni niliwanawisha mikono, nikawapanga. Mwalimu Lukindo alisimama mbele ya bureti kama mtu aliyekutana na ndugu yake stendi baada ya miaka. Aligusa koki. Alianza kuongea kwa sauti ya kukwaruza, akasimama, akakohoa, akaanza tena. Ilipofika sentensi ya tatu alikuwa amenisahau mimi, amesahau fulana, anauliza watoto maswali na kuwakatalia majibu.

Nyamizi alikuwa wa kwanza. Alikwenda mbele, akanyoosha mikono yote miwili juu ya kichwa.

"Unafanya nini?" mwalimu aliuliza.

"Nimekuwa bureti, mwalimu."

"Shusha mikono. Bureti hii hapa. Wewe ni mtu."

Alishika koki, akafungua mno. Maziwa yakawa pinki ya kupiga kelele, kama sharubati ya harusini.

"Umepitiliza. Mwaga. Rudia."

Akarudia. Akapitiliza tena, kidogo. Akarudia. Mara ya tatu alidondosha tone, akatikisa, tone, akatikisa, kisha akatulia. Ndani ya chupa kulikuwa na pinki hafifu unayoweza kudhani umeiota. Hakuna aliyemkonyeza. Alisoma namba mwenyewe, mwalimu akainama akaisoma naye, akasema, "Sahihi. Anayefuata."

Nilijifanya natafuta kitambaa kabatini.

Chiku alipofika zamu yake aliangusha pipeti. Kioo kilipasuka sakafuni. Watoto wale walikuwa hawajawahi kusikia sauti hiyo maishani mwao. Wawili walianza kulia. Mwalimu alitazama vipande.

"Ufagio uko wapi?" aliuliza. Nikamwonyesha. Akafagia mwenyewe, akampa Chiku pipeti nyingine, wakaendelea.

Walikuwa wamepita ishirini pale magari yalipofika. Matatu, yote yenye nembo, na juu ya la kwanza wamemfunga kwa kamba yule mwalimu wa karatasi, bado anatabasamu. Mratibu alishuka na kuja mbio mpaka kwenye lango. Mimi nilikuwa nimekwisha fika, lango nimelirudishia bila kulifunga, mkono uko juu ya komeo.

"Mwalimu Lukindo! Banda linakusubiri!" Kisha akaona kupitia dirishani watoto, bureti na kila kitu, na uso wake ukabadilika ukawa wa furaha. "Lakini jamani, huu ni ubia! Mbona hamkusema? Tuuzindue sasa hivi! Dakika tano! Utepe ninao garini! Bi Rozalia, fulana! Watoto watoke nje kwanza, wapishe kamera."

"Wa njano watangulie," alisema Bwana Gwandu.

"Hawa wana mtihani," nikasema.

"Mama, siongei na wewe." Mratibu alifungua faili lake, akachomoa karatasi, akaibandika kwenye nondo za lango, upande wenye maandishi ukitutazama. Ilikuwa barua ya onyo ile ya godoro. "Mwalimu, kuna moja. Lango hili likifungwa mbele ya wabia kumi na mmoja, hilo ni la pili, na sitaweza kukusaidia tena."

Mwalimu Lukindo alikuwa ametoka mpaka mlangoni, chupa mkononi. Aliisoma barua kutoka pale aliposimama, mstari kwa mstari. Ana watoto wawili wa shule ya msingi na mama mgonjwa. Nilimjua vya kutosha nisimpe ushauri.

"Mwalimu," nikamwambia, "ni kibarua chako kitakachoota nyasi, si changu. Sema wewe. Niwafungulie au niwafungie?"

Alitazama magari. Akageuka akatazama ndani, kwenye mstari.

"Wamebaki kumi na wanne," alisema.

"Hukunijibu."

"Funga, Mama Nyamizi. Nina kipindi."

Nikafunga.